Kutoka Kinyesi cha Minde Hadi Uamuzi wa Hifadhi: Mwongozo Kamili wa Kutumia Vinasaba Kuokoa Wanyamapori

Mtu wa Arusha au Moshi anayetaka kutumia vinasaba (DNA) kulinda wanyama ana bahati ya mahali. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zote zina makao makuu Arusha. Chuo cha Nelson Mandela kipo Tengeru. Mweka, chuo kinachofundisha watu wa wanyamapori tangu mwaka 1963, kipo juu ya Moshi, karibu kabisa na msitu wa Kilimanjaro. Simba wa Kreta ya Ngorongoro, twiga wa Tarangire, faru wa Mkomazi na minde wa Kilimanjaro, hao wote unaweza kuwafikia kwa gari siku hiyohiyo uliyoondoka mjini.

Kwa hiyo kinachokwamisha kazi hii mara nyingi si umbali, wala si uhaba wa wasomi. Ni kwamba watu wanakusanya sampuli kwanza, halafu wanatafuta swali baadaye. Mirija inajaa kwenye friza, miaka inapita, na hakuna mhifadhi aliyebadilisha chochote porini kwa sababu ya mirija hiyo. Mwongozo huu umepangwa kuzuia hilo. Nimewalenga mwanafunzi wa wanyamapori, ofisa wa hifadhi, askari wa hifadhi ya jamii, na shirika dogo lenye fedha kidogo na mnyama mmoja linayemhofia. Mfano nitakaourudia ni minde, paa mkubwa mweusi wa msituni mwenye kishungi chekundu kati ya pembe. Anaishi Tanzania peke yake, yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, anatembea zaidi usiku, na watu wengi waliozaliwa chini ya Kilimanjaro hawajawahi kumwona hata mara moja.

Hatua ya 1: Anza na uamuzi

Kabla ya kununua hata glavu, andika sentensi moja yenye jina la cheo na kitendo: "Mhifadhi mkuu ataamua kama doria za kutegua mitego ya waya ziongezwe upande wa magharibi au wa kusini." "Mamlaka itaamua kama dume mpya aletwe." "Halmashauri itaamua kama ujenzi uzuiwe kwenye ushoroba huu, njia ya kupita wanyama." Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado hujawa tayari kwa vinasaba. Nenda kwanza ukazungumze na mwenye uamuzi, umsikilize anasumbuliwa na nini.

Uamuzi ukijulikana, swali la vinasaba hujitokeza lenyewe, na kwa kawaida huwa moja kati ya haya: Huyu ni mnyama gani? Wako wangapi, madume na majike? Wanazaliana ndugu kwa ndugu kiasi gani? Je, wa huku wanachanganyika na wa kule? Nyama au pembe hii iliyokamatwa imetoka wapi?

Usilidharau swali la kwanza. Kima aliyegunduliwa nyanda za juu kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipunji, aliwekwa kwanza kwenye kundi moja na kima wengine wanaofanana naye kwa sura. Vinasaba vilipopimwa vilionyesha yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida wa savana, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mnyama aliyedhaniwa ni aina mpya ya ukoo unaojulikana akawa peke yake katika ukoo wake, na uzito wa kumlinda ukabadilika.

Kwa minde wa Kilimanjaro, swali letu liwe hili: wako sehemu gani za msitu, na wako angalau wangapi, ili doria zipangwe walipo kweli na si pale inapodhaniwa wapo.

Hatua ya 2: Vibali na wenyeji

Utafiti wa wanyamapori Tanzania unapita TAWIRI na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukiingia hifadhi ya taifa unahitaji TANAPA, na ukienda Ngorongoro unahitaji mamlaka ya eneo hilo. Kumbuka kwamba msitu wa Kilimanjaro, uliokuwa hifadhi ya misitu, uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Huwezi tu kupanda kutoka kijijini ukaanza kuokota. Hata kinyesi ni sampuli ya kisayansi, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali pamoja na makubaliano ya maandishi ya kuhamisha sampuli, yanayosema nani atamiliki data na zitatumikaje. Damu, ngozi au pembe za tembo, faru, simba na twiga zinaongeza juu yake masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Usibebe mrija wowote kupitia Namanga ukitumaini kwamba hautaulizwa.

Vibali huchukua miezi, kwa hiyo viombe wakati bado unaandika mpango, si baada ya fedha kuingia.

Kisha kuna kibali kisichoandikwa. Anza na serikali ya kijiji, halafu mtafute mtu anayeujua msitu. Kwenye nusu maili ya Kilimanjaro, ukanda wa msitu uliopakana na vijiji, wapo akina mama wanaokata majani ya ng'ombe karibu kila siku, na wapo wazee waliowinda zamani kabla hawajaacha. Mwamkie mzee shikamoo, kaa, mweleze kazi yako bila kumficha kitu, na usimuulize habari za mitego ya leo. Muulize kinyesi kikubwa kuliko cha funo, paa wa msituni mdogo kuliko minde, alikionea wapi, na wakati gani wa mwaka. Saa moja ya mazungumzo hayo inaweza kukuokolea wiki nzima ya kuzunguka. Mlipe kwa haki akikuongoza, na jina lake liwemo kwenye ripoti akikubali.

Hatua ya 3: Chagua sampuli inayolingana na swali

Damu na nyama mbichi zina vinasaba vingi na vizima. Kinyesi, manyoya na mate vina vinasaba vichache vilivyokatikakatika. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia damu. Lakini kumpiga mnyama sindano ya usingizi kunahitaji daktari wa wanyamapori, dawa, gari na hatari kwa mnyama mwenyewe, na kwa minde wa msituni ni karibu haiwezekani. Kwa maswali mengi ya uhifadhi kinyesi kinatosha. Njia bora ya kupata damu ni kuomba ya kazi ambayo ingefanyika hata bila wewe: daktari anapomlaza tembo au simba kumtoa mtego au kumfunga kola, mpe mapema mirija yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, na kichupa cha kipande kidogo cha sikio, pamoja na fomu ya kujaza. Usisubiri siku yenyewe.

Kipimo nacho kiendane na swali. Kujua aina ya mnyama, soma kipande kifupi cha vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto hurithi kwa mama na viko kwa wingi ndani ya kila seli. Kutambua mnyama mmojammoja, jinsia na undugu, tumia mikrosatelaiti (vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia) au alama za SNP (tofauti za herufi mojamoja), zote kutoka kwenye kiini cha seli. Jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mnyama, itafute pale unapotaka historia ya kizazi baada ya kizazi, au kujua kwa undani ni sehemu gani za kromosomu zimefanana kwa sababu wazazi walikuwa ndugu. Hapo utahitaji damu au nyama, maana sehemu kubwa ya vinasaba vilivyomo kwenye kinyesi ni vya bakteria na majani aliyokula mnyama.

Tusiione kazi ya jenomu kuwa ya wageni tu. Jenomu ya twiga iliyochapishwa mwaka 2016 iliongozwa na Morris Agaba wa Nelson Mandela, Tengeru, pamoja na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani.

Kuhusu idadi: kwa kulinganisha makundi mawili kwa mikrosatelaiti, lenga wanyama 25 hadi 30 kila upande. Kwa kuhesabu wanyama kupitia kinyesi, kusanya sampuli mara mbili na nusu hadi tatu ya idadi unayokisia, kwa sababu nyingi zitakuwa za mnyama yuleyule na nyingine hazitatoa majibu.

Hatua ya 4: Msituni

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa, na ndiyo sababu nitakaa hapa zaidi. Hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayoweza kurudisha vinasaba vilivyooza ndani ya mrija.

Maadui ni watatu: jua, maji na muda. Mionzi ya jua hukata vinasaba. Mvua huosha sehemu unayoihitaji. Joto na unyevu huwapa bakteria nafasi ya kula kilichobaki. Kwa hiyo panga kazi miezi ya kiangazi, Januari na Februari au Juni hadi Septemba, uepuke masika, na uingie msituni asubuhi na mapema.

Seli za mnyama haziko katikati ya kinyesi. Ziko nje, kwenye utando mwembamba wa ute uliokwanguliwa kutoka kwenye ukuta wa utumbo wakati kinyesi kikipita. Inama uziangalie punje kwa karibu. Zilizo nzuri ni nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na ukizigusa kwa kijiti zinateleza. Za jana bado zina mng'ao upande wa chini, uliokingwa na jani. Zilizopauka, zenye nyufa, au zenye matundu ya mbawakawa, ziache. Ukungu mweupe ukionekana, usijisumbue. Utaona uchungu kuacha lundo baada ya saa nne za kupanda, lakini sampuli mbovu inakula fedha za maabara sawa na nzuri.

Utaratibu kwa kila lundo ni huu. Piga picha kwanza, ikiwa na rula pembeni. Vaa glavu mpya. Chukua punje nne hadi sita zilizoshikana au zilizofanana kabisa, kwa kutumia kijiti kipya, kwa sababu wanyama wawili wanaweza kunya mahali pamoja. Zitumbukize kwenye mrija wa etanoli ya asilimia 96 au zaidi, ujazo wa etanoli uwe angalau mara nne ya kinyesi. Spiriti ya rangi ya dukani si mbadala. Chukua mrija wa pili kutoka lundo hilohilo, kwani mmoja ukivunjika au ukikataa maabara, unao mwingine. Vua glavu, uziweke kwenye mfuko wa taka, usizitupe msituni.

Baada ya saa 24 hadi 36, mwaga etanoli kwa uangalifu kwenye chombo cha taka, hamisha punje kwenye mrija mwingine uliojazwa nusu silika (chembe zinazonyonya unyevu), na uweke kipande cha pamba au tishu katikati ili punje zisigusane na silika. Etanoli huua bakteria na kunyonya maji ya kwanza, silika humalizia kukausha. Silika ya chungwa inapobadilika rangi, ibadilishe siku hiyo. Sampuli iliyokauka vizuri hukaa miezi kwenye kabati lenye kivuli bila friza, jambo la maana sana kwa ofisi ambayo umeme wake hukatika. Pia ni rahisi kuisafirisha, kwa sababu etanoli huhesabiwa mzigo wa hatari kwenye ndege.

Andika kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka etanoli ikimwagika, na mrija usio na jina ni uchafu tu. Weka namba kwenye kifuniko na kwenye mwili wa mrija. Kwenye daftari andika namba hiyo, tarehe, saa, GPS, mwinuko, hali ya kinyesi, mvua ya mara ya mwisho, aina ya mnyama unayemdhania, na aliyekusanya. Usiku, kabla ya kulala, hamishia yote kwenye kompyuta.

Usiamini macho yako kuhusu aina. Kwenye msitu mmoja kuna minde, funo, paa wadogo na pongo, na ukubwa wa punje unaingiliana. Utafiti uliofanywa Udzungwa ulionyesha kwamba hata watu wazoefu hukosea wanapotaja kinyesi ni cha nani. Wewe kusanya kila punje inayokaribia, maabara itachuja.

Kwa wanyama wengine utaratibu hubadilika kidogo. Kwa tembo, kwangua tabaka la nje la bonge, kiasi cha kijiko cha chai, na upime kipenyo cha bonge kwa sababu kinasaidia kukadiria umri. Manyoya yaweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wenye silika, usitumie plastiki peke yake, na uhakikishe yana mizizi maana vinasaba vya kiini viko pale. Kwa samaki na vyura, maji yenyewe yanaweza kuchujwa na vinasaba vilivyomo kusomwa, ingawa njia hiyo inakuambia mnyama yupo, haikuambii wako wangapi.

Onyo ambalo nalisisitiza kwa watu wa kanda hii: kimeta. Kipo Monduli, kipo Ngorongoro, na kimeshaua watu na wanyama. Ukikuta mzoga uliovimba haraka, usiokakamaa, wenye damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, usiukate, usiuguse, usichukue sampuli. Rudi nyuma, zuia watu na mbwa, piga simu kwa daktari wa mifugo au wa wanyamapori. Hakuna kinasaba chenye thamani ya maisha ya msaidizi wako.

Hatua ya 5: Maabara

Kabla ya kupeleka zote, peleka kumi hadi ishirini za majaribio. Kama chini ya nusu zinatoa majibu, tatizo liko kwenye ukusanyaji au utunzaji, na ni nafuu kulijua mapema.

Uliza maabara maswali manne bila aibu. Je, vinasaba vya kinyesi vinatolewa kwenye chumba tofauti na kile chenye bidhaa za PCR, njia ya kuzidisha nakala za vinasaba ili visomeke? Je, kila kundi la sampuli lina mirija mitupu ya udhibiti, isiyo na kinyesi? Je, wana njia ya kuondoa kemikali za majani zinazozuia PCR? Je, watarudia kila sampuli mara ngapi? Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha matokeo na ndoto. Vinasaba vikiwa vichache, PCR inaweza kuiona nakala aliyorithi mnyama kwa baba na kuikosa ya mama. Mnyama mmoja akasomeka kama wawili, na idadi ya minde ikapanda kwenye karatasi huku msituni inashuka. Kwa hiyo mnyama anayeonekana ana nakala mbili tofauti athibitishwe angalau mara mbili, na anayeonekana ana nakala moja tu angalau mara tatu.

Mpangilio unaookoa fedha ni huu: kwanza kipande cha mitokondria, kifupi, kuchuja aina. Funo na pongo wakishatolewa, waliobaki wapimwe mikrosatelaiti na jinsia. Tumia alama za kutosha kiasi kwamba uwezekano wa wanyama wawili tofauti kufanana uwe chini ya 1 kwa 1,000, na kwa ndugu wa damu chini ya 1 kwa 100.

Kama mashine ya kusoma haipo karibu, ILRI ya Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ni njia ya jirani. Mimi napendelea hatua za kutoa vinasaba na PCR zifanyike hapahapa, kitakachosafiri kiwe kile tu kisichowezekana hapa. Vijana wanajifunza kwa mikono yao, na sampuli zetu zinabaki zetu.

Hatua ya 6: Kusoma majibu bila kujidanganya

Ripoti ya maabara itakuja na takwimu nyingi. Mbili zinastahili muda wako kuliko zote.

Ya kwanza ni idadi ya wanaochangia kweli kizazi kijacho, ambayo karibu siku zote ni ndogo kuliko idadi unayohesabu kwa macho. Mfano wetu wa nyumbani ni simba wa Kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962 mlipuko wa nzi wanaouma uliwapunguza hadi wakabaki kumi: majike tisa na dume mmoja. Hesabu ni hii: zidisha 4 kwa madume kwa majike, gawanya kwa jumla yao. 4 × 1 × 9 ÷ 10 ni 3.6. Simba kumi machoni, lakini kwa urithi ni kama wangekuwa chini ya wanne. Kila kizazi hupoteza sehemu ya utofauti wa jeni sawa na 1 gawanya kwa mara mbili ya namba hiyo, yaani karibu asilimia 14.

Kati ya 1964 na 1965 madume saba wakaingia kutoka nje. Weka madume nane na majike tisa: namba inapanda hadi karibu 17, na hasara inashuka hadi asilimia 3 hivi kwa kizazi. Hapo umeona thamani ya wageni saba. Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba simba waliongezeka tena hadi kati ya 75 na 125, lakini wote walitokana na wanyama 15 tu, hakukuwa na mgeni mwingine aliyeingia baada ya hapo, na uzazi wao ukazorota. Mtalii aliyetazama kreta miaka ya 1980 aliona simba tele. Macho hayakumdanganya kuhusu wingi, yalimficha undugu.

Kwa kupanga, tumia vipimo vinavyokubalika: namba hiyo ikiwa chini ya 50, hatari ya kuzaliana ndugu ni ya karibu. Ikiwa chini ya 500, uwezo wa kuhimili mabadiliko ya muda mrefu unapungua. Wapo wanaotaka viwango hivyo viwe mara mbili. Mfumo wa Kunming-Montreal wa Desemba 2022, makubaliano ya nchi za dunia kuhusu bioanuwai, umeichukua 500 kuwa kiashiria ambacho nchi zinatakiwa kukitolea taarifa. Usipokuwa na vipimo kabisa, kisia kwamba wanaochangia ni kama mmoja kati ya kumi unaowahesabu.

Takwimu ya pili ni tofauti kati ya makundi, na hapa ndipo wengi wanajikwaa. Vinasaba vinakumbuka ya zamani. Ushoroba ukiwa umezibwa miaka ishirini iliyopita, tembo wa pande zote mbili bado watafanana sana, kwa sababu kizazi kimoja cha tembo ni karibu miaka 25. Mtu akisoma "hakuna tofauti" anaweza kwenda kwenye kikao cha wilaya akasema ushoroba unafanya kazi, wakati umekufa. Ukitaka kujua ya leo, tafuta ndugu: mama upande mmoja na mwanawe upande wa pili. Kama ushoroba wa Kitendeni (kati ya Kilimanjaro na Amboseli) au wa Kwakuchinja (kati ya Tarangire na Manyara) unapitika, jozi za namna hiyo zitapatikana.

Kinyume chake pia hutokea: tofauti kubwa ya tangu zamani ambayo hakuna aliyeijua. Utafiti wa twiga wa Kimasai uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha wa mashariki na wa magharibi ya kuta za Bonde la Ufa. Kwa mitokondria ilionekana majike hawajabadilishana vinasaba kuvuka bonde kwa zaidi ya miaka 200,000. Wa Tarangire na wa Serengeti, wanaoonekana twiga walewale kwa mtu anayepita barabara ya Karatu, wanapaswa kusimamiwa kama makundi mawili. Maana yake kwa mhifadhi ni wazi: upande mmoja ukipungukiwa, usichukue wa upande mwingine kuziba pengo bila sababu nzito.

Hatua ya 7: Kabla ya kuhamisha mnyama

Kuleta damu mpya kunaweza kuokoa. Puma wa Florida walikuwa wamebaki wachache, mikia imepinda, madume wengine korodani hazijashuka. Mwaka 1995 wakaletewa majike manane kutoka Texas. Kasoro zikapungua na idadi ikapanda mara tatu hivi. Faru wa Moru, Serengeti, walibaki wachache mno baada ya ujangili, na damu mpya ya kwanza waliipata kwa dume Rajabu, aliyetembea mwenyewe kutoka Ngorongoro miaka ya 1990. Wahifadhi walipoleta faru watano kutoka Afrika Kusini Mei 2010, hawakuchukua faru yeyote tu. Walikuwa wa ukoo uliotoka Afrika Mashariki.

Kuchanganya ovyo kunaweza kuua. Mbuzi mwitu wa milima ya Tatra, Slovakia, walichanganywa na ndugu zao kutoka Uturuki na Sinai. Machotara wakapandana mapema mno, watoto wakazaliwa Februari, mwezi wa baridi kali kabisa, na kundi likaisha.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha, jibu haya kwa maandishi: makundi haya yalitengana lini? Mazingira yao yanafanana? Mnyama anayeletwa amepimwa magonjwa? Ugonjwa wa mbwa uitwao distemper uliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na gari la kuhamishia wanyama hubeba vijidudu pia. Mgeni mmoja hadi kumi wanaozaa kwa kila kizazi ndiyo kiasi kinachopendekezwa kwa kawaida. Haihitajiki kufurika.

Hatua ya 8: Kama kesi itafika mahakamani

Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na 43,000 hivi mwaka 2014. Timu ya mtafiti Samuel Wasser ililinganisha vinasaba vya meno ya tembo yaliyokamatwa na ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika, na mwaka 2015 ikaonyesha kwamba kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ndiko lilikotoka fungu kubwa la meno ya tembo wa savana. Sehemu kubwa ya ramani hiyo ilitengenezwa kwa kinyesi kilichookotwa porini. Sampuli zako za leo zinaweza kuwa rejea ya kesi ya kesho.

Ila sampuli ya ushahidi ina sheria zake. Ifungwe kwa lakiri mbele ya shahidi, kila mkono unaoipokea utie saini na saa, na nusu yake ibaki bila kuguswa ili upande wa utetezi uweze kuipima. Usichanganye kabati la utafiti na kabati la ushahidi.

Hatua ya 9: Rudisha majibu

Rudi kwenye ile sentensi ya hatua ya kwanza. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaomjibu mtu uliyemtaja: minde walipatikana maeneo haya, si yale, angalau wangapi tofauti, madume na majike, doria zipelekwe hapa. Weka ramani, lakini ile yenye alama za GPS kamili ibaki kwa hifadhi. Ya kijijini na ya mtandaoni ioneshe eneo kwa ujumla tu, kwa sababu ramani nzuri ya minde au faru humsaidia pia mwenye mtego. Mfuatano wa vinasaba uweke kwenye hifadhidata za wazi ili mwanafunzi anayekuja asianze sifuri, na nakala ya ripoti ifike TAWIRI kama kibali kinavyotaka.

Nenda kijijini mwenyewe. Wale akina mama na mzee aliyekuongoza wasikie majibu kutoka kwako, kabla hayajasikika kwenye kongamano.

Vinasaba vilivyobaki vigawe mara mbili, vihifadhiwe kwenye friza mbili za taasisi mbili, kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, pamoja na orodha iliyochapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango. Kisha, kwenye ripoti yenyewe, andika mwaka wa kurudia kukusanya na jina la ofisi itakayolipia. Kwa minde miaka mitano ni muda wa kufaa, na njia zilezile, miezi ileile, mwinuko uleule, ili tofauti utakayoiona iwe ya wanyama na si ya namna ulivyokusanya.